Jinsi ya kugeuza hadithi ya watoto kuwa muvi ya kutisha bila kuiua

Kama unaandika skripti na umepata wazo la kuchukua hadithi ya zamani ya watoto uifanye ya kutisha, tafadhali usikimbilie damu. Wengi wanaona madairekta wanazichafua hizi hadithi, kumbe nyingi zilikuwa zinatisha tangu mwanzo, sisi ndo tumezikuta zimeshasafishwa. Kwa hiyo kazi yako siyo kuongeza ubaya, ni kwenda kuutafuta pale ulipofichwa.

Anza na maandishi ya zamani kabisa, katuni weka pembeni kwanza. Chukua Snow White. Kwenye toleo la kwanza la Jacob na Wilhelm Grimm, ndugu wawili Wajerumani waliokusanya hadithi za zamani, mwaka 1812, anayetaka mtoto auawe ni mama yake mzazi, huyo mama wa kambo tunayemjua aliingizwa kwenye toleo la 1819. Na siyo kuua tu, anaagiza aletewe mapafu na ini la mtoto, vikapikwa kwa chumvi akavila, hajui kwamba mwindaji kamletea vya nguruwe pori. Mtoto mwenyewe ana miaka 7. Sasa hapo soma kama mwandishi: mzazi anamwonea mwanae wivu mpaka anataka kumla. Mi naona hiyo peke yake inakutosha dakika tisini, huhitaji kubuni jini wala zombi.

Ukishasoma, jiulize watu wa kwenye hadithi wanaogopa nini hasa. Njaa, kutelekezwa msituni, kuozeshwa, mzazi kukugeuka. Muvi ikikosa jibu hapa inakuwa makelele tu. Kwenye Cinderella ya akina Grimm, mkuu wa kifalme anamtafuta mwenye kiatu ili amuoe, dada wa kambo wa Cinderella anakijaribu kinakataa kuingia, mama anamkabidhi binti yake huyo kisu, anamwambia kata kidole cha mguu, ukishakuwa malkia hutahitaji tena kutembea kwa miguu. Binti anakata, anabana meno, anajilazimisha kuvaa, anatoka nje kwa mkuu wa kifalme kama hakuna kilichotokea. Yaani hakuna mnyama, hakuna uchawi, ni mama na mwanae chumbani na mlango umefungwa. Ukiishuti hiyo, kamera ibaki usoni kwa mama, sauti ya kisu inatosha.

Halafu kuna hakimiliki, na hii ni sababu kubwa ya maprodyuza wenye bajeti ndogo kuzipenda hizi hadithi: ni mali ya umma, hulipi mtu. Ila kuwa makini, hadithi iko huru lakini katuni siyo. Majina ya vijeba saba wa Snow White, kwa mfano, ni ya muvi ya Disney ya 1937, kwa Grimm hawana majina kabisa. Au angalia Winnie-the-Pooh, yule dubu wa vitabu vya watoto, kitabu cha 1926 kilipoingia mali ya umma Marekani mwaka 2022, muvi ya kutisha ikatoka 2023, lakini rafiki yake chui milia, Tigger, hakuwemo kwa sababu yeye alitokea kwenye kitabu cha 1928 ambacho kilikuwa bado kimelindwa.

Faida nyingine, mtazamaji anaijua stori tayari. Onyesha koti jekundu lenye kofia katikati ya miti, kila mtu anajua mbwa mwitu yuko karibu, hujasema neno na watu washaanza kuogopa. Ndo maana usibadilishe vitu kumi, badilisha kimoja kizito na vingine viache. Dairekta Guillermo del Toro kwenye Pinocchio yake ya 2022 aliihamishia stori Italia ya dikteta Mussolini, basi ghafla kikaragosi anayeambiwa awe mtiifu anaishi kwenye nchi ambayo utii wenyewe ndo hatari, na hapo stori nzima inabeba uzito mwingine ingawa kikaragosi ni yuleyule na baba yuleyule.

Mwisho uamue kabla hujaandika sini ya kwanza. Mwandishi Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697 alimwacha msichana wa kofia nyekundu tumboni mwa mbwa mwitu, hakuna aliyekuja kumwokoa, mwindaji aliletwa baadaye na akina Grimm. Ukimchagua Perrault, usioneshe bunduki wala mwanaume anayepita msituni hata mara moja, maana ukimwonesha tu watu watakaa wanamsubiri yeye badala ya kumwangalia msichana.