Namna ya Kuipanga Siku ya Mmisionari Kijana Ugenini

Kijana anayelitumikia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho katika nchi ya kigeni, kwa miezi 24 akiwa mvulana au 18 akiwa msichana, husaidiwa na ratiba kuliko bidii ya ghafla. Kwa kawaida huamka saa 12:30 asubuhi na kulala saa 4:30 usiku, ingawa saa hizo huweza kurekebishwa kulingana na mahali.

Anza kwa sala na mazoezi ya mwili, kisha ujifunze maandiko. Muda wa lugha usiuingilie kwa shughuli nyingine: chagua sentensi mbili utakazozihitaji mchana huo, kwa mfano ya kuomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mtu na ya kumshukuru anayekataa, uzitamke hadi mwenzi wako, yaani mmisionari uliyepangiwa kutumikia naye, azielewe bila kukutazama mdomoni, halafu uzitumie kwenye mlango wa kwanza.

Mwenzi huyo hukumchagua wewe, na mtakuwa pamoja karibu saa zote. Kwa hiyo kaeni kila wiki mwambiane kwa upole yanayowakera kabla hayajageuka kinyongo. Kwa maoni yangu, jambo hilo lina uzito kuliko ufasaha wa kufundisha.

Siku ya maandalizi, ambayo huja mara moja kwa wiki, ni ya kufua, kununua mahitaji na kuwasiliana na nyumbani. Tangulia kufua, ili nguo zikauke mapema, kisha uwapigie wazazi ukiwa umetulia.