Kupima ugumu wa tishu laini kwa leza na sauti: anza na jeli ya jikoni

Daktari anapokubonyeza tumbo kwa vidole anatafuta mahali palipo pagumu kuliko pengine. Fotoakustiki hufanya kazi hiyohiyo, ila inatoa namba. Mpigo wa leza wa nanosekunde chache unapiga kitu chenye rangi, kama damu. Kitu hicho kinapata joto kidogo, kinatanuka ghafla na kutoa sauti, na kihisi cha ultrasaundi kinaidaka. (Alexander Graham Bell aliwahi kusikia sauti ya namna hiyo mwaka 1880, kwa mwanga wa jua tu.) Unachukua kipimo, unabonyeza, unachukua tena. Palipobonyea kidogo ndipo pagumu.

Usikimbilie nyama. Anza na jeli uliyoipika mwenyewe, ambayo jibu lake unalijua.

Hatua ya 1: Pika jeli mbili. Tabaka gumu ni gramu 10 za jelatini kwa mililita 100 za maji. Laini ni gramu 5. Iache ipoe hadi nyuzi 30 hivi, iwe nzito kama uji mwepesi, ndipo utie unga wa mkaa uliouchekecha kwa kitambaa. Ukiutia jeli ikiwa ya moto, chembe zote zitazama na utabaki na mstari mmoja mweusi chini.

Wengi hutumia wino kwa kuwa ni rahisi. Mimi siushauri. Wino unaenea sawasawa, kwa hiyo kihisi kinasikia uso wa juu na wa chini, katikati kimya. Unahitaji chembe mojamoja za kufuatilia. Mkaa uwe wa kuonjesha tu: jeli ikiganda, iweke juu ya gazeti, kama husomi maandishi kupitia sentimita 2, mwanga nao hautafika chini.

Mimina tabaka gumu la milimita 10, ligande kwenye friji, kisha juu yake milimita 10 za lile laini. Kwa kila sufuria, gandisha pia mchemraba wa sentimita 3.

Hatua ya 2: Pima michemraba kwa uzito. Gramu 20 juu ya mchemraba huo ni mkazo (nguvu iliyogawanywa kwa eneo) wa paskali 218 hivi. Ukishuka milimita 0.6, yaani asilimia 2, ugumu wake ni kilopaskali 11 hivi. Andika namba zako za kila jeli. Ndizo zitakazokuumbua au kukutetea baadaye.

Hatua ya 3: Panga vifaa. Kihisi kikae chini, jeli ya ultrasaundi juu yake, kisha sampuli, tabaka gumu likiwa chini. Juu kabisa weka kioo kinachosukumwa na skrubu ya mikromita; leza ipite kwenye kioo hicho. Kipake kioo mafuta ya kula ili sampuli iweze kutanuka pembeni inapobanwa.

Mimi hutumia leza ya nanomita 1064 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake). Jicho haliuoni mwanga huo, lakini unafika hadi kwenye retina na kuiunguza. Miwani iwe ya nanomita hizohizo, na vua saa na pete.

Hatua ya 4: Chukua vipimo viwili. Kioo kiguse sampuli yote kwanza, ndipo uchukue wastani wa mipigo 64. Shusha milimita 0.2, subiri nusu dakika jeli itulie, chukua tena. Saa ya kurekodi ianzishwe na fotodayodi (kihisi cha mwanga) inayouona mwanga wenyewe, si ishara ya waya utokao kwenye leza: leza ikiyumba nanosekunde 10, umeshapotea mikromita 15.

Hatua ya 5: Hesabu. Sauti hapa inakwenda milimita 1.5 kwa mikrosekunde. Tuseme tabaka laini lina robo ya ugumu wa lile gumu. Chembe ya mpakani itashuka mikromita 40, na sauti yake itawahi kwa nanosekunde 27. Chembe iliyo chini ya kioo itashuka 200 na kuwahi kwa 133. Kwa hiyo tabaka gumu limebonyea mikromita 40 kati ya milimita 10, yaani asilimia 0.4; laini limebonyea 160 (200 toa 40), yaani 1.6.

Hapa nilipoteza siku mbili. Nilichukua programu ya ultrasaundi ya kawaida, ambayo hugawa muda kwa mbili kwa sababu sauti huenda na kurudi. Kwenye fotoakustiki mwanga ndio unaokwenda. Sauti inarudi tu, njia moja. Asilimia zangu zilitoka sahihi, maana umbali na mwendo vyote vilikatwa nusu, ndiyo maana sikushtuka. Nilishtuka nilipoweka rula: sampuli ya milimita 20, kompyuta inasema 10.

Hatua ya 6: Hamia kwenye tishu. Humo hujui mkazo ni kiasi gani. Weka kati ya kioo na tishu kipande cha jeli yenye chembe ambayo ugumu wake uliupima. Ugumu huo zidisha kwa mbonyeo wake (ile asilimia ya kubonyea), upate mkazo. Gawa kwa mbonyeo wa tishu. Kwa binadamu, ukishapata kibali cha maadili, usizidishe milijuli 100 kwa sentimita ya mraba ya ngozi kwenye nanomita 1064. Kwa mwanga unaoonekana mwisho ni 20.

Chembe zako sasa ni mishipa ya damu, nayo haijajaa kila mahali. Utapata mbonyeo wa wastani kati ya mshipa na mshipa. Programu itataka kupaka rangi nafasi yote iliyo katikati. Izime, paache peupe.