Kitochi cha babu na ile tit-tit-tit kwenye rekodi

Aisee, Desemba ikikaribia watu wanaanza kupanda Moshi, na kila mwaka kuna wajukuu wawili watatu wananifata wananiambia mwaka huu lazima tumrekodi babu, atuelezee ukoo, vihamba (yale mashamba ya ukoo ya migomba), nani alitoka wapi. Wazo zuri sana. Alafu Januari wananiletea faili, naweka hedifoni, babu anaongea vizuri kabisa na katikati ya stori inaingia tit-titit-titit-trrrrrr, sekunde tatu nne hivi, ikiisha jina alilokuwa analitaja limeshapita.

Na mi siwacheki maana yalinikuta. Nilimrekodi mzee mmoja wa ukoo wetu kule Kibosho, tumekaa nje pembeni ya migomba, kamaiki kale kadogo nimekabana kwenye kola ya koti lake la suti, waya unashuka kifuani mpaka kwenye rekoda iliyoko mezani. Anasimulia ugomvi wa ndugu wawili wa mpaka wa kihamba, kafika pale mkosaji anapokuja asubuhi na jani la sale mkononi kuomba msamaha, na mwenzie akamjibu hivi... trrrrrr. Meseji ya muamala iliingia kwenye kitochi chake, kale kasimu kadogo ka batani, na kitochi kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti hilohilo, waya wangu unapita juu yake. Mi sikusikia kitu kwa sababu sikuvaa hedifoni, niliona kama ni kumkosea heshima mzee anaongea na we umeziba masikio. Nimekuja kugundua usiku niko mjini.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokosea. Wakisikia ile kelele wanadhani ni mlio, kwaiyo ukiwaambia simu jamani, wanaweka sailenti wanaona wamemaliza. Sailenti inazima spika na hiyo kelele haitoki kwenye spika. Inatoka kwenye antena, simu inapoongea na mnara, na simu inaongea na mnara hata kama hakuna anayekupigia: meseji inaingia, au simu inajitambulisha tu kwamba bado ipo. Ndo maana ile tit-tit unaisikia sekunde chache kabla simu haijaanza kuita.

Kwanini kitochi ndo kibaya kuliko simu janja, wakati kidogo tu? Vitochi vingi vinatumia 2G, ule mtandao wa simu wa zamani, na kwenye 2G simu zinapokezana zamu, masafa moja linakatwa vipande 8 na kila simu inarusha kwenye kipande chake tu alafu inanyamaza kusubiri zamu irudi. Zamu inarudi karibu mara 217 kwa sekunde. Yani redio yenye nguvu mpaka wati 2 kwenye masafa ya megahezi 900 inawaka na kuzima mara 217 kila sekunde sentimita chache kutoka kwenye waya wako. Waya wa maiki unageuka antena, saketi ya kukuza sauti ndani ya rekoda inadaka kule kuwaka na kuzima, na mawimbi 217 kwa sekunde sikio linayasikia vizuri tu, mwanakwaya atakwambia ni karibu kabisa na ile A ya 220. Simu ya 3G au 4G hairushi kwa kukatakata namna hiyo na nguvu yake ni kama robo wati, ndo maana mara nyingi unaiweka mezani na husikii kitu. Ila usiiamini, kwa sababu simu nyingi zikipigiwa zinashuka 3G au 2G ili kupokea, na huko migombani juu kama mtandao ni wa kuokoteza, simu inaongeza nguvu ili ifike mnarani. Kadiri mtandao ulivyo dhaifu ndo kelele inavyozidi.

Kwaiyo la kwanza kabisa, zima. Simu janja weka flaiti modi, kitochi zima kabisa. Shida inakuja kwa mzee mwenyewe, hataki kuzima, kuna mtoto wa Dar kasema atapiga. Usibishane nae na wala usimchukulie simu mkononi. Ukishamwamkia na mmepiga stori kidogo sema, "Babu, naomba simu yako shangazi akushikie kule jikoni, mtu akipiga atapokea atakuita." Hapo hakuna anayekataa. Jikoni kule nyuma ni mita 10 na zaidi na inatosha sana, umbali ndo dawa: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayofika inabaki robo. Kutoka sentimita 10 mpaka mita 3 tayari ni dunia nyingine. Mi kwenye meza ya rekoda siruhusu simu yoyote ndani ya mita 3, na ya kwangu ndo ya kwanza kuondoka, maana nimeshajiharibia mwenyewe.

Usiifunge simu na ile foili ya jikoni, kuna mtu alinishauri hivo. Ukiacha upenyo, simu inaona mtandao umepungua, inapandisha nguvu, umejiongezea kazi.

Alafu jaribu kabla hujaanza. Vaa hedifoni, washa rekoda, mwambie mdogo wako abipu kitochi ukiwa umekishika karibu na waya. Kisogeze taratibu kuanzia kwenye maiki mpaka kwenye jeki ya rekoda. Utasikia kuna sehemu inapiga kelele kuliko zote, mara nyingi ni pale jeki inapoingia au pale waya ulipowahi kukatika fundi akaunga. Waya mrefu usiuache umezagaa, tumia mfupi unaotosha. Kama una maiki ya XLR (ile yenye plagi nene ya pini tatu) na rekoda inayopokea XLR tumia hiyo badala ya kamaiki ka jeki ndogo, ndani kuna waya mbili zinazobeba sauti moja na kelele ikiingia kwenye zote mbili sawasawa inafutwa, ila haifuti yote, hasa kama ile nyavu ya nje haijaungwa vizuri kwenye jeki. Vile vibonge vyeusi vya kubana kwenye waya, kama kile kilichopo kwenye waya wa chaja ya laptopu, navyo vinasaidia kiasi ukikibana karibu kabisa na rekoda. Kiasi. Usikinunue ukaacha simu mfukoni.

Kwa wanaorekodi kanisani ni hivohivo tu, ila mkague fundi mitambo, mara nyingi simu yake imelala juu ya miksa, na mpiga kinanda nae kaweka ya kwake juu ya kinanda asomee nyimbo. Na kama ni trrr isiyokatika, inaunguruma mwanzo mwisho, hiyo sio simu, ni umeme wa ukutani wa hezi 50, chomoa chaja tumia betri uone kama inaisha. Maiki zile za bila waya za bei ndogo nyingi zina ugonjwa mwingine, zinatumia masafa ya gigahezi 2.4 sawa na waifai, mtu akiwasha hotspoti pembeni sauti inakatika vipande, hapo azime hotspoti.

Ukiwa umeshaharibu? Kama tit-tit imeangukia kwenye kimya kati ya maneno, fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata kile kipande weka kimya cha palepale, ndo maana nasema kabla hamjaanza urekodi sekunde 30 za kimya, na kuku wawepo tu. Ikiangukia juu ya sauti unaweza kujaribu kupunguza masafa ya hezi 217 na vizidishe vyake, 434, 651 kuendelea, lakini sauti ya mtu nayo inaishi humohumo, utapunguza kelele na babu atatoka kama anaongea ndani ya pipa. Ile ya Kibosho nilihangaika nayo siku mbili nikaacha.

Kwaiyo vaa hedifoni, mwambie mzee mapema kwamba hivi ndo nakusikia vizuri zaidi, ataelewa. Na ukiisikia trrr mkiwa bado mmekaa, msubiri amalize sentensi alafu mwombe, "Babu hapo kwenye jani la sale hebu rudia kidogo." Anarudia, na mara nyingi akirudia anaongeza na majina aliyoyaruka mwanzo.