Jinsi ya kuona mkazo ndani ya plastiki na kauri

Jamani wa Lamu wenye sahani za kauri kwenye zidaka, ukitaka kuelewa kitu kigumu kinavyobeba mkazo (nguvu ya kubana au kuvuta iliyo ndani yake) kabla hakijapasuka, anza na vitu mwanga unapita. Washa laptopu ya skrini ya LCD, weka ukurasa mweupe, shika rula ya plastiki isiyo na rangi mbele yake alafu chukua miwani ya jua ya polaroidi (ile inayochuja mwanga kwa uelekeo mmoja), iangalie skrini kupitia hiyo miwani huku unaizungusha polepole mpaka skrini iwe nyeusi. Penye mkazo patang'aa rangi rangi, na ukiikunja rula kidogo rangi zinahama hapo hapo, raha kweli kuona!

Kauri haipitishi mwanga hivyo, inataka maabara. Kama ni alumina (kauri ya alumini na oksijeni) yenye kromiamu, aina ya metali, kidogo, imulike leza ya kijani, itatoa wekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), na ikibanwa wekundu huo unasogea kwenye mawimbi marefu zaidi. Njia nyingine ni eksirei, inapima nafasi kati ya safu za atomu za kauri, zikivutwa zinaachana na pembe ya mwali inabadilika, ila eksirei za kawaida za maabara zinaona juu juu tu. Eksirei usijaribu nyumbani kabisa.