Difu ya spoti ya kuunga inavuja? Anza na kipumulio kabla hujagusa sili

Wakuu, hii ni kwa wale wachache wenye spoti za kuunga, yaani gari ambalo chasi na bodi vilikuja vipande vipande mtu akafunga mwenyewe halafu akapachika injini, giabox na difu (boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa matairi mawili) ya gari jingine. Umbo linaloigwa sana ni lile la Lotus Seven ya 1957, na chini yake mara nyingi unakuta difu ya Ford Sierra, ya Mazda MX-5 au ya BMW za zamani. Mwenye Altezza au Mark II na we soma tu, difu imefungwa kwenye bodi, draivushafti mbili zinatoka pembeni kwenda matairini, kazi karibu ni ile ile.

Ninachotaka kukisema kwa nguvu ni kwamba sili (ile pete ya mpira inayozuia oili pale shafti inapotokea) ikivuja usikimbilie kununua sili. Jiulize kwanza imevuja kwa nini. Hapa Dodoma nimeona difu zinabadilishwa sili leo, baada ya muda mfupi zinadondosha tena, sili inalaumiwa ni feki (na feki zipo kweli), kumbe kipumulio kimeziba vumbi tangu kiangazi kilichopita.

Iko hivi. Difu ina oili na hewa ndani. Asubuhi iko baridi, ukishatoka mjini ukashika barabara ya Iringa mpaka kule Mtera inakuwa ya moto kabisa, hewa inatanuka, lazima itoke mahali. Njia yake ni kale kabomba kadogo au kale kakofia kanakozunguka juu ya difu, ndo kipumulio chenyewe. Kikiziba, presha inatafuta mahali palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni mdomo wa sili. Halafu ukipaki difu ikapoa inavuta hewa kurudi ndani, na hapo ndo inavuta vumbi, au kama ni masika na umekatiza korongo lenye maji basi inavuta maji. Oili iliyoingia maji inakuwa na rangi ya maziwa, ukiiona hivyo usiiache hata siku moja, beringi zitaliwa kutu.

Kwenye magari ya kuunga hili linazidi, maana difu imetolewa kwenye gari moja ikawekwa kwenye chasi ya kuchomelea. Kuna ambazo bomba la chasi limekaa juu kabisa ya kipumulio, kuna ambazo aliyepiga rangi alipulizia difu nzima na kipumulio humo humo. Kichomoe, kioshe na petroli, kipulize na upepo wa komprasa. Ukitaka kumaliza kabisa habari ya vumbi, chomeka mpira wa mafuta unaoingia pale, upandishe juu karibu na tenki, mdomo wake uukunje uangalie chini na uuzibe kidogo na kitambaa cha sponji kinachopitisha hewa. Kazi ya dakika chache na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na sili.

Sasa hakikisha ni difu kweli. Oili ya difu ina harufu kali ya yai viza kwa sababu ya salfa iliyomo, ukishainusa mara moja huisahau. Mafuta ya breki ni mepesi na yanakula rangi. Oili ya giabox inaweza kutokea kwenye sili ya nyuma ya giabox ikapeperushwa na propela (shafti ndefu ya kutoka giabox hadi difu) mpaka kwenye difu, na kwa spoti fupi kama hizi umbali ni mdogo sana kwahiyo inadanganya watu wengi.

Osha difu yote na mafuta ya taa na brashi, ifute, iache ikauke vizuri kabisa. Halafu chukua poda ya mtoto, ipulizie difu nzima, mbele, pembeni, kwenye kifuniko cha nyuma. Endesha kilomita kumi au ishirini hivi, rudi, ingia chini na tochi. Poda itaonyesha ulipoanzia unyevu, na kumbuka oili inashuka na inarudishwa nyuma na upepo, kwahiyo angalia sehemu ya JUU kabisa na ya MBELE kabisa palipolowa. Ukikuta mstari wa oili umezunguka sakafu na chasi usawa wa flenji (sahani ya kufungia bolti) ya propela, hiyo ni sili ya pinioni, ile gia yenye shafti inayoingilia mbele ya difu. Ikiwa imelowesha flenji ya draivushafti na kurukia pembeni yake, ni sili ya pembeni, na ikifika kwenye breki au tairi simamisha gari hadi utengeneze, oili kwenye diski au kwenye tairi siyo jambo la kusema nitaangalia wikiendi. Kifuniko cha nyuma kinavujia kwenye ukingo wake wa chini.

Na kuna tofauti ya kutoka jasho na kudondosha. Difu ya zamani yenye unyevunyevu wa vumbi lililoganda bila tone chini, kagua kiwango cha oili kila mwezi, endelea na maisha. Inayoacha tone kila ikilala, itengeneze. Difu za saizi hii nyingi zinabeba lita moja na kitu au hata pungufu ya lita, sasa ukipoteza robo lita tu umepoteza sehemu kubwa.

Kabla ya kuingia chini, stendi. Gari hizi ni nyepesi watu wanazidharau, wanaweka tofali. Tofali la saruji linapasuka bila taarifa. Weka stendi mbili kwenye bomba la chasi, siyo kwenye faiba, zuia matairi ya mbele kwa mbao.

Sheria moja usiivunje: fungua nati ya KUJAZIA kabla ya kufungua ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma au ikaliwa pembe, una gari lisilo na oili na huna pa kuiwekea. Mwaga oili ikiwa ya vuguvugu, kwenye beseni, na angalia sumaku ya nati. Tope la kijivu laini ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kidole siyo kawaida, hapo usihangaike na sili, difu ifunguliwe.

Sili za pembeni ndo rahisi. Fungua bolti za draivushafti, itundike kwa waya isining'inie, flenji nyingi zinatoka kwa kuzichokonoa na bisibisi bapa mbili pande zote mbili kwa usawa, ila nyingine zimeshikwa na bolti katikati kwahiyo tazama kwanza. Sili ya zamani itoboe na bisibisi uing'oe, uwe makini usikwaruze nyumba yake. Halafu pitisha ukucha pale sili inapokalia kwenye flenji. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, umepata sababu ya pili inayofanya sili mpya zivuje. Mfereji mdogo unausafisha na msasa laini sana kwa kuzungusha (siyo kwa kuvuta mbele nyuma), na kama nyumba inaruhusu unaiweka sili mpya imezidi ndani au imetoka nje kama milimita moja ili mdomo ukalie chuma kizima. Mfereji mkubwa unahitaji flenji nyingine au kuvalisha pete nyembamba ya chuma.

Habari ya kununua. Ukifika dukani pale Majengo swali la kwanza ni "gari gani boss?" na gari yako haina jina wanalolijua. Usianze kueleza historia. Sili zina namba zimechapwa usoni, namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, zote kwa milimita. Peleka sili yenyewe na namba ziwe zimeandikwa kwenye simu, maana wakati mwingine zimeshafutika na utazipima kwa vernia (kipimo cha milimita). Ikikosekana, piga picha umtumie mtu wa Kariakoo, ataituma na basi la kesho yake. Angalia pia mishale kwenye mdomo, baadhi ya sili zina upande wa mzunguko, ya kulia na ya kushoto hazifanani. Na kama unajua difu ilitoka gari gani na mwaka gani, andika kwenye karatasi ubandike ndani ya gari, atakayekuja baada yako atakushukuru.

Kuvalisha: paka oili kwenye mdomo, upande wenye springi uangalie NDANI kwenye oili, gonga taratibu kwa kutumia soketi kubwa au kipande cha bomba chenye kipenyo karibu sawa na cha nje ya sili. Ikienda upande, itoe uanze upya, usiinyooshe kwa kugonga pembe moja.

Pinioni sasa, hapa punguza mwendo. Ile nati kubwa haikazi flenji tu, inaweka mbano wa beringi za pinioni, na kwenye difu nyingi kuna bushi laini ndani inayobonyezwa mara moja tu. Fundi akikuja na mashine ya upepo akaipiga trrr mpaka mwisho amekubonyeza bushi kupita kiasi, beringi zinabana, zinachemka, na baada ya muda difu inavuma. Kwahiyo mwambie mapema, kwa heshima, "fundi, hii tufunge kwa mkono."

Ukishatoa draivushafti na propela, shika flenji itikise juu chini. Ikicheza, beringi zimekwisha na sili mpya haitadumu, haijalishi umenunua ya bei gani. Isipocheza, zungushia kamba kwenye flenji, ivute na mizani ya springi, andika inasoma ngapi flenji ikiwa inazunguka. Piga alama ya panchi kwenye nati, kwenye ncha ya pinioni na kwenye flenji, zote zikiwa mstari mmoja, na hesabu nyuzi (thredi) zilizochomoza nje ya nati. Badilisha sili, rudisha nati kwa alama zile zile na nyuzi zile zile, pima tena na kamba. Lengo ni usomaji ule ule au uzidi kidogo sana. Ukipitiliza, kulegeza nati hakusaidii, bushi imeshabonyea, inatakiwa mpya. Kama huna mtu mwenye subira ya kazi hii, bora uitoe difu nzima uipeleke kwa fundi anayejenga difu za malori, hao wanaijua.

Kifuniko cha nyuma hakina maneno mengi. Kwangua silikoni yote ya zamani, futa na petroli hadi kitambaa kitoke kisafi, weka mstari mwembamba wa silikoni mpya ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti, kaza bolti kwa kuvukisha, moja huku na inayofuata upande wa pili, iache ikauke kama maelezo ya tyubu yanavyosema. Silikoni nyingi inabanduka inaelea ndani ya oili.

Oili iwe ya difu, GL-5, 80W-90 au 75W-90. Meno ya krauni (gia kubwa ya ndani) na pinioni yanasuguana kwa kuteleza na presha kubwa, oili ya injini haiwezi kulinda hapo. Difu ya LSD (inayozuia tairi moja kuzunguka bure) ya klachi inataka oili yenye dawa yake maalum, la sivyo inagugumia kwenye kona. Zile chupa za dawa ya kuzuia kuvuja zinavimbisha mpira kwa muda, mimi siziweki.

Jaza gari likiwa SAWA, siyo nyuma imeinuliwa, mpaka oili ianze kurudi kwenye tundu. Ila hapa mwenye gari la kuunga aangalie difu imelala nyuzi ngapi. Kama aliyefunga aliiinua pua kuliko ilivyokuwa kwenye gari yake ya asili, tundu la kujazia limeshuka au limepanda, na kiwango kimebadilika. Kwa hiyo tafuta ujazo wa difu hiyo kwenye kitabu cha gari ilikotoka, pima kwa chupa, uone kama vinakubaliana. Ikizidi sana nayo inapanda mpaka kwenye kipumulio na kutokea huko.

Angalia pia ekzosi imepita umbali gani. Kwenye chasi finyu hizi unakuta bomba linachungulia sili ya upande mmoja, na ni upande huo huo unaovuja kila mara. Weka kikinga joto cha bati katikati, uache nafasi ya hewa pande zote mbili.

Ukimaliza nenda mpaka Kibaigwa na urudi, uache ipoe, kaza tena bolti za draivushafti na zile zinazoshika difu kwenye chasi, maana mtikisiko wa gari isiyo na mipira ya difu unazilegeza. Pulizia poda upya. Oili ya zamani weka kwenye dumu, usiimwage kwenye mtaro.