Namna ya Kusuka Tamthilia ya Siri za Familia Mbili Jirani

Watu wengi wanaotaka kuandika tamthilia ya televisheni kuhusu familia huanza na siri yenyewe: mtoto wa nje ya ndoa, kiwanja kilichouzwa mara mbili, ugonjwa uliofichwa, wosia uliochomwa moto. Huiandika siri hiyo kwa sentensi moja, huifurahia, kisha hutafuta nyumba ya kuiweka. Nimeandika miswada kadhaa kwa njia hiyo, na yote ililegea ilipofika sehemu ya nne au ya tano, kwa sababu siri iliyofungiwa kabatini haimpi mhusika kazi yoyote ya kufanya. Ushauri wangu ni kwamba uanze na kazi ya kuitunza siri. Siri inayoweza kubeba msimu mzima ni ile inayomlazimu mtu kufanya jambo fulani kila siku ili isijulikane, na familia ya pili inastahili nafasi katika hadithi pale tu inapoifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi.

Mfano nitakaoutumia ni The Americans, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa na chaneli ya FX kuanzia Januari 2013 hadi Mei 2018, misimu sita yenye jumla ya sehemu 75. Nitaeleza hata mwisho wake, kwa hiyo asiyetaka kuujua aitazame kwanza. Hadithi inaanza mwaka 1981 huko Falls Church, kitongoji cha jimbo la Virginia kilicho karibu na Washington. Philip na Elizabeth Jennings wanaonekana kuwa mume na mke wa kawaida wenye ofisi ya wakala wa safari na watoto wawili, Paige na Henry. Kumbe ni maofisa wa KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti, waliopandikizwa nchini humo. Ng'ambo ya barabara wanahamia Stan Beeman, mkewe Sandra na kijana wao Matthew, na Stan ni mpelelezi wa FBI katika kitengo cha kukabiliana na ujasusi.

Mtunzi wake, Joe Weisberg, aliwahi kufanya kazi CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na ameeleza kwamba jambo lililomgusa akiwa huko ni namna wafanyakazi wenye familia walivyolazimika kuwadanganya watoto wao. Kichocheo kingine kilikuwa tukio la kweli: mwezi Juni 2010 Marekani iliwakamata watu kumi waliokuwa wakiifanyia Urusi ujasusi, baadhi yao wakiwa wanandoa wenye watoto, wanaoishi katika vitongoji tulivu kama Montclair, New Jersey. Mtunzi angeweza kuchukua simu za siri na wino usioonekana peke yake. Alichokiweka katikati ni ndoa, na watoto wawili wanaoulizia wazazi wao walikuwa wapi usiku wa jana.

Kazi ya kwanza mezani kwako ni kuchora ramani ya nyumba mbili kabla ya kuandika neno lolote la mazungumzo. Vitongoji vya Marekani vya aina ile kwa kawaida havina ukuta mbele ya nyumba; kuna majani, njia ya gari na dirisha linalotazama barabarani, kwa hiyo jirani akivuka na sahani ya keki za kukaribisha wageni, anafika mlangoni bila kizuizi. Wewe unayeandika kuhusu Goba au Mbezi Beach za Dar es Salaam, au Syokimau karibu na Nairobi, una ukuta, geti la chuma na pengine nyaya za umeme juu yake, na ukiiga mtindo wa Falls Church hadithi yako itakuwa ya uongo tangu onyesho la kwanza. Jiulize kuta hizo zinapenyeka wapi. Mara nyingi utawakuta mlinzi anayelinda mageti mawili kwa mshahara mmoja, dada wa kazi anayekutana na mwenzake duka la Mangi, gari la maji linalohudumia nyumba zote mbili kwa zamu, kikao cha kikoba, na kikundi cha WhatsApp cha mtaa ambamo kila mtu anajua nani hajachangia taa za barabarani.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, nami huichukua methali hiyo kama agizo la kikazi: katika kila nyumba, mtafute kata wako. Ni yule anayeingia ndani kabisa na kutoka kila siku bila kutiliwa maanani. Katika The Americans mmoja wao ni Martha Hanson, karani wa mkuu wa kitengo cha Stan. Philip, akiwa amejigeuza sura na kujiita Clark, anamtongoza hadi kumwoa, na mwanamke huyo anaishia kutega kinasa sauti katika ofisi ya bosi wake. Henry naye, mtoto ambaye hakuna anayemfikiria sana, anazoea nyumbani kwa Stan kiasi cha kuwa kama mwana wa pili. Kwa muda mrefu hakuna hata mmoja kati ya hao wawili anayejua anachokibeba, na hapo ndipo uchungu wao unapotoka.

Baada ya ramani, andika Jumanne. Chagua siku isiyo na tukio lolote, si sikukuu wala msiba, kisha uandike saa kwa saa, kuanzia alfajiri hadi watu wanapolala, mambo yote ambayo mtunza siri hufanya kwa ajili ya siri yake. Simu anaipokelea wapi? Anampa nani fedha, na katika hesabu za nyumbani anaziandika kwa jina gani? Ni njia ipi haipiti? Uongo gani alioutoa wiki iliyopita anapaswa kuukumbuka leo? Ukimaliza ukurasa mzima na bado una ya kuandika, una siri ya msimu. Ukiishiwa kufikia saa nne asubuhi, una tukio la zamani tu, ambalo linafaa kuwa filamu fupi au mbinu rejeshi ndani ya hadithi nyingine.

Kisha kuna jaribio ambalo naliona muhimu kuliko yote: ihamishe familia ya pili. Fikiria kwamba jirani wameuza nyumba na kwenda mkoani katika sehemu ya pili, halafu uangalie kama siri ya familia ya kwanza imebadilika. Ikiwa haikubadilika, unazo tamthilia mbili zilizopangishwa nyumba moja. Stan akiondoka Falls Church, akina Jennings wanapoteza hatari yao kubwa na pia rafiki yao wa karibu, kwa maana Philip anampenda Stan kwa dhati. Stan mwenyewe ana yake ya kuficha: uhusiano wake na Nina, mwanamke anayefanya kazi katika ubalozi wa Kisovieti, uhusiano unaosaidia kuivunja ndoa yake na ambao KGB wanautumia dhidi yake. Kila nyumba inaiharibu nyingine huku watu wake wakialikana chakula cha jioni, na uharibifu huo unapita kwa watu wale wale wanaopendana.

Nitajenga mfano wa kubuni ili jaribio hili lieleweke. Huko Goba kuna nyumba ya Baba Neema na Mama Neema, na mbele yao nyumba ya Mwalimu Rehema, mumewe, na kijana wao Kelvin mwenye miaka 17. Kelvin alizaliwa na mdogo wake Rehema, aliyefariki akimwacha mchanga, na Rehema amemlea kama wa tumboni mwake bila kumwambia. Baba wa mtoto hakuwahi kutajwa. Baba huyo ni Baba Neema, ambaye alinunua kiwanja pale kwa makusudi ili aishi karibu na mwanawe, huku mkewe akiamini kwamba walifuata bei nafuu. Tazama jinsi nusu zinavyogawanyika: nyumba moja inajua mama na haijui baba, nyingine inajua baba na haiwezi kuthubutu kumtaja mama. Jina lenyewe ambalo mtaa mzima unamwitia mtu yule ni la uongo, kwa sababu kwa desturi yetu mzazi huitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza wa Baba Neema ni Kelvin. Kila anayemsalimu barabarani anaigusa siri bila kujua. Lugha yetu imekupa bure kitu ambacho mwandishi wa Marekani angelazimika kukibuni, nawe usikiache.

Kishawishi cha kuwafanya Neema na Kelvin wapendane kitakujia haraka. Ningekiepuka, kwa kuwa hofu ya damu moja hufunika kila kitu kingine na mtazamaji wa tamthilia zetu ameshaiona mara nyingi. The Americans iliwaruhusu Paige na Matthew kuwa wapenzi, lakini hatari iliyokuwapo ilikuwa ya mdomo: msichana anaweza kuropoka nini akiwa amejiegemeza kwenye bega la mwana wa mpelelezi? Waache Neema na Kelvin wasome pamoja kwa ajili ya mtihani. Hilo linatosha kumnyima Baba Neema usingizi.

Unapokwisha kuwapata watu, fungua daftari. Kila mhusika apewe safu yake na kila sehemu ya tamthilia ipewe mstari wake, na katika kila kisanduku uandike kwa wino mweusi anachokijua, kwa penseli anachokishuku, na kwa wino mwekundu anachokiamini kimakosa. Wengi huandika la kwanza tu. Mimi huutazama zaidi wino mwekundu, kwa sababu mtu anayeamini jambo lisilo kweli hutenda kwa ujasiri, na matendo yake hayawezi kurudishwa nyuma. Mama Neema akiamini kwamba mumewe ana uhusiano na Mwalimu Rehema, atakwenda kumkabili mwalimu huyo mbele ya watu. Tuhuma ni ya uongo, lakini mlango alioubisha ni ule ule wenye ukweli. Ukiona mstari mzima wa daftari haukubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine, futa sehemu hiyo.

Daftari hilo pia litakuongoza kuhusu wakati wa kufichua. Mtazamaji aambiwe mapema, kwa sehemu kubwa. Tamthilia ya Weisberg inatufunulia akina Jennings ni nani katika sehemu ya kwanza kabisa, na taharuki yote inayofuata inatokana na kinaya: sisi tunajua, Stan hajui, naye ameketi jikoni kwao akinywa bia. Katika sehemu hiyo hiyo Stan anashuku jambo, ananyemelea usiku hadi ndani ya banda la gari la majirani na kufungua buti. Buti limeshasafishwa. Philip amesimama gizani, bastola mkononi, akimtazama. Kama tusingejua lolote, lingekuwa onyesho la mwanamume anayechungulia gari.

Kwa wahusika wenyewe fanya kinyume. Wafichulie polepole, mmoja baada ya mwingine, na kila ufichuzi uzae siri mpya. Paige anaambiwa ukweli na wazazi wake katika msimu wa tatu, baada ya kuwabana kwa muda mrefu. Mwandishi mwenye pupa angelifanya hilo kuwa kilele. Hapa msimu unaisha Paige akimpigia simu mchungaji wake na kumwambia, na sasa wazazi wanao watu wengine wa kuwachunga, binti ana siri yake mwenyewe dhidi yao, na kazi ya Jumanne imeongezeka maradufu.

Kuhusu sadfa nitasema machache. Mpelelezi kuhamia mkabala na majasusi ni sadfa kubwa, na watazamaji waliikubali kwa sababu ilitokea mwanzoni na haikurudiwa. Katika mfano wa Goba hata hiyo hatuihitaji, kwa kuwa Baba Neema alikwenda pale kwa hiari yake. Ufichuzi usiletwe na barua iliyodondoka wala simu iliyosahauliwa mezani. Ulete kwa utaratibu wa kawaida wa maisha: Kelvin anatimiza miaka 18, anahitaji kitambulisho cha taifa cha NIDA, fomu inauliza majina ya wazazi, naye anamwomba mama yake cheti cha kuzaliwa ambacho hajawahi kukiona.

Katika mazungumzo, salamu ndiyo hazina yako. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu kwamba ni nzuri au salama, hata akiwa na msiba, kisha ndipo huongeza neno "ila". Andika onyesho ambalo mhusika amebeba jambo zito na anapitia salamu zote, shikamoo ya mtoto, habari za kazi, za watoto, za mgonjwa, na kila jibu linampa nafasi ya kusema naye haisemi. Usimpe maneno ya kueleza hisia zake. Mwigizaji mzuri ataliacha lile "ila" lining'inie, na mwongozaji atajua pa kuiweka kamera.

Mwisho uupange kabla hujaandika sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya mwisho ya The Americans, iliyowapatia Weisberg na mwandishi mwenzake Joel Fields tuzo ya Emmy mwaka 2018, Stan anawakabili Philip, Elizabeth na Paige katika maegesho ya magari. Safari hii bastola iko mkononi mwake yeye. Wanazungumza kwa muda mrefu, Philip anakiri, anamwomba amtunze Henry, na Stan anasogea kando awapishe. Siri iliyoishi nyumba moja kwa misimu sita imehamia ng'ambo ya barabara: sasa ni Stan anayepaswa kuificha ofisini kwake, na ni yeye anayesafiri hadi shuleni kwa Henry kumweleza kijana huyo kwamba wazazi wake wameondoka.

Katika daftari lako, basi, tafuta mtu atakayebaki na mzigo baada ya mwenye siri kuutua, na urudi mahali pale pale ulipoanzia. Kama onyesho la kwanza la Goba lilikuwa Baba Neema akimfungulia Kelvin geti kwa kisingizio cha kumwazima pampu ya maji, onyesho la mwisho liwe geti hilo hilo, usiku, na anayebisha awe Kelvin mwenye cheti mkononi, na anayekuja kumfungulia awe Mama Neema.