SOMO: Hakiki data kwenye seva, usiiachie fomu

Wakuu, swali ni lilelile kila mara: "Nimeweka JavaScript kwenye fomu, data chafu inapitia wapi?" Naandika mara moja. Mfano wetu ni fomu ya wakulima wa viazi Uyole, Mbeya: jina, simu, magunia.

1. Hakiki kwenye seva, yaani kompyuta yako inayopokea data. JavaScript inaendeshwa kwenye kivinjari cha mtumiaji. Anaizima, au anatuma ombi kwa curl (programu ya kutuma maombi ya wavuti kwa amri) bila kufungua fomu yako.

2. Futa nafasi za mwanzo na mwisho, ndipo uangalie kama ni tupu.

3. Magunia: namba kamili, kuanzia 1, na kikomo cha juu.

4. Simu: hifadhi kama maandishi, la sivyo 0 ya mwanzo inapotea. Wataandika 07, 255, +255. Usiwakatalie, geuza zote ziwe 255 na tarakimu 9, kisha hakiki.

5. Jina. Hapa tulieni. Wengi mkisikia alama ya ' inavunja SQL (lugha ya kuiamuru hifadhidata), mnaipiga marufuku. Mbeya hii ina akina Mwang'onda! Mama anaambiwa jina lake si sahihi, karani anaandika Mwangonda, siku ya malipo halilingani na kitambulisho. Kosa ni lako uliyechomeka jina ndani ya amri ya SQL. Weka ? kwenye amri mahali pa jina, jina lenyewe lipelekwe kando. Hifadhidata haitalisoma kama amri.
ONYO: simu nyingi huandika ’ iliyopinda. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, kwa hiyo zigeuze ziwe aina moja, la sivyo ukimtafuta humpati.
ONYO: kugeuza alama kwa ajili ya HTML ni wakati wa kuonyesha, si wa kuhifadhi. Ukikosea, SMS itamwita Mwang'onda.

6. Pakikosewa, rudisha 400 au 422 (namba za HTTP za kusema ombi lina kosa), taja sehemu yenye kosa, na usimfutie alichojaza.

MASWALI

— Mkuu, yangu inagoma.
Inagoma nini? Weka hapa code uliyoandika na ujumbe wa kosa.

— Mimi nimeweka required (sharti la HTML kuwa lazima ijazwe) kila sehemu, inatosha.
Rudi hatua ya 1.

— Shikamoo kaka. Niko Mafinga, natengeneza mfumo wa mbao. Wateja wanaandika 2x4, 2 X 4, 2×4. Nifanyeje?
Marahaba dada, umeuliza vizuri. Wape orodha wachague, ila seva ihakiki kuwa kilichokuja kimo kwenye orodha, maana nayo inachezewa. Wakilazimika kuandika, geuza X na × ziwe x, futa nafasi, tenganisha namba mbili, kila moja safu yake. Ukitaka baadaye kupiga hesabu ya ujazo, utakuta vipimo viwili viko tayari, umebaki urefu tu.

— Nyongeza: sehemu ya simu tumieni type=tel, kibodi ya namba inafunguka yenyewe. Type=number inakataa nafasi katikati.
Kweli kabisa mkuu. Na kwenye magunia, inputmode=numeric, nayo hufungua kibodi ya namba.